Baridi Yabisi: Jina Moja, Maradhi Mengi

Usiku ukienda tarawehe, hebu tupa jicho safu za nyuma pale penye viti vya plastiki. Muulize mzee yeyote aliyekalia kiti hicho ana nini, atakwambia, "Ni baridi yabisi, mwanangu." Bibi mwenye vidole vilivyopinda, naye baridi yabisi. Ami aliyeamka usiku akipiga kelele kwa kidole gumba cha mguu kilichovimba baada ya karamu ya nyama, baridi yabisi vilevile. Na binti wa miaka 22 ambaye asubuhi hawezi kufunga vifungo vya nguo mpaka saa moja ipite, huambiwa aache kulala chini ya panka, baridi imemwingia.

Watu wanne, jina moja. Lakini maradhi yao ni mbalimbali, na dawa ya mmoja yaweza isimfae mwenziwe hata kidogo. Ilichukua wanadamu zaidi ya miaka elfu mbili kuyatenganisha, na sisi majumbani mwetu bado twayachanganya.

Tuanze na jina lenyewe. Sote twajua baridi ni nini. Yabisi ni kikavu, kigumu. Maneno yote mawili yametoka Kiarabu, na ndiyo waliyotumia matabibu wa zamani kueleza tabia za mwili. Katika tiba ya Kiyunani mwili ulihesabiwa kuwa na maji manne: damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Kila moja lilikuwa na tabia yake, moto au baridi, umaji au ukavu. Mtu akiumwa, basi moja limezidi. Kwa hiyo mzee wako anaposema baridi yabisi anazungumza lugha ya hospitali za Baghdad bila kujua. Wazungu nao walikuwa humohumo. Neno lao la jongo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya tone, kwa kuwa waliamini maji mabaya yanadondoka tone kwa tone ndani ya kiungo.

Nadharia ile ilikuwa si sahihi, lakini macho ya wale watu yalikuwa makali. Hippocrates wa Ugiriki, kiasi cha miaka 400 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, alikwisha kuona kwamba wanawake hawashikwi na jongo mpaka hedhi ikome. Leo twajua ni kweli kwa kiasi kikubwa, manake homoni za kike husaidia figo kutoa ile asidi inayoleta jongo.

Kisha akaja Abu Bakr al-Razi, mtu wa Rayy karibu na Tehran ya leo, aliyefariki kiasi cha mwaka 925. Alisimamia hospitali kwao na Baghdad. Wengi wetu tumemsikia kwa sababu ndiye aliyeeleza waziwazi tofauti ya ndui na surua, maradhi mawili ambayo watu waliyatia kapu moja. Wachache wanajua kwamba aliandika pia risala juu ya maumivu ya viungo. Baada yake Ibn Sina, aliyefariki 1037, akayapa maumivu ya viungo na jongo nafasi yao katika al-Qanun, kitabu kilichotafsiriwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12 na kusomeshwa Ulaya kwa mamia ya miaka.

Hapa naomba niseme jambo. Sipendi tunapoandika kana kwamba elimu yote ilianzia kwetu. Hao wakubwa wenyewe hawakusema hivyo. Chukua mfano wa suranjan, kitunguu cha ua la zambarau, ambacho Ibn Sina anakitaja. Aliyetangulia kukieleza vizuri kama dawa ya jongo ni Alexander wa Tralles, tabibu Mkristo wa karne ya 6. Ndugu yake Anthemius ndiye mmoja wa mafundi wawili waliochora ramani ya Aya Sofia kule Istanbul. Waislamu waliichukua dawa ile, wakaitumia na kuitunza, na Ulaya ikaipokea tena.

Ilikuwa dawa ya kuogopwa, kwa kuwa kiasi kinachoponya na kiasi kinachoua vinakaribiana, kwa hiyo kuna zama waliitupa kabisa. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, wakatoa kiini chake. Mwaka uleule wawili hao walitoa kwinini kwenye gome la mti, ile iliyowaokoa watu na malaria. Kiini cha suranjan sasa kinaitwa kolkisini, na daktari akikuandikia dawa ya jongo lililolipuka huenda ikawa ndiyo hiyo, iliyotumika tangu zama za Wabizantini.

Sasa turudi kwenye kutenganisha. Mwingereza Thomas Sydenham aliumwa na jongo zaidi ya miaka 30, na mwaka 1683 akaandika kitabu juu yake. Alieleza jinsi mgonjwa anavyolala mzima kisha akaamshwa usiku wa manane na maumivu ya kidole gumba, asiweze hata kuvumilia shuka kumgusa. Mtu hawezi kueleza hivyo kwa kusimuliwa! Yeye alilitofautisha jongo na maumivu mengine ya viungo.

Lakini kisa kinachonigusa zaidi ni cha mwaka 1800. Kijana wa miaka 28, Augustin Landré-Beauvais, alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, hospitali ya mafukara. Akaona wagonjwa ambao hawakuingia kwenye maelezo ya vitabuni. Wengi wao walikuwa wanawake, walivimba viungo vingi kwa pamoja, na ugonjwa ulidumu miaka. Jongo lilihesabiwa ni maradhi ya matajiri na wanaume walaji, na madaktari wenye majina makubwa walishughulika na hao hao kwa kuwa ndio waliolipa. Huyu aliwatazama wanawake masikini, akaandika tasnifu yake juu yao. Alikosea kidogo, alidhani ni aina ya jongo. Hata hivyo maelezo yake huhesabiwa kuwa ya kwanza ya kueleweka ya ugonjwa tunaoujua leo, ule ambao kinga ya mwili inageuka na kuvishambulia viungo vyake yenyewe. Wanafunzi wenzangu mnaosumbuka kutafuta mada ya kuandika, zingatieni hapo.

Aliyemaliza ubishi wa jongo ni Alfred Garrod wa London. Mwaka 1848 alionyesha kwamba damu ya mwenye jongo ina asidi ya yuriki kupita kiasi. Baadaye akabuni kipimo rahisi ajabu: unachukua maji ya damu, unatia asidi kidogo, unazamisha uzi, unaacha. Kama ni jongo, chembe zinaganda kwenye uzi kama sukari guru. Wale wa Landré-Beauvais uzi wao ulitoka mtupu! Basi hawa si hao. Mwaka 1859 akaupa ugonjwa wao jina lake la kitaalamu, linalotumika hadi leo. Mwaka 1961 Wamarekani McCarty na Hollander wakaziona zile chembe za jongo, kali kama sindano, ndani ya maji ya kiungo kilichovimba.

Lipo kundi la tatu ambalo ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni la wazee wengi wa viti vya plastiki. Mwisho wa mifupa inapokutana pana gegedu laini linalozuia mifupa isisuguane. Kwa umri, uzito, kazi nzito au ajali ya zamani ya mpira, gegedu huchakaa. Goti linauma ukilitumia na kupoa ukipumzika. Hakuna kidonge kinachorudisha gegedu. Kinachosaidia ni kupunguza uzito, kwani kila kilo moja unayopunguza hulitua goti mzigo wa kama kilo nne kila hatua, na mazoezi ya kutia nguvu misuli ya paja. Likiharibika kabisa hubadilishwa. John Charnley wa Uingereza alifungua njia mwaka 1962 kwa nyonga ya bandia ya chuma na plastiki.

Na yule binti wa miaka 22? Kwake historia ina furaha na onyo. Septemba 1948, katika Mayo Clinic ya Marekani, daktari Philip Hench alimdunga mwanamke aliyekuwa hawezi kutoka kitandani dawa mpya iitwayo kotisoni. Baada ya siku chache akatembea, akatoka kwenda madukani. Watu walilia. Mwaka 1950 Hench na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Lakini wagonjwa walipoendelea kuitumia kwa wingi, nyuso zikavimba, mifupa ikadhoofika, sukari ikapanda, na wengine wakafa kwa maambukizi. Dawa za jamii hii bado zinatumika na zina faida kubwa, ila kwa kipimo na kwa muda, na ukizizoea haziachwi ghafla.

Onyo hili si la kale. Katika nchi nyingi wapimaji wamekuta dawa hizi zimetiwa kwa siri ndani ya poda na vidonge vinavyouzwa kwa jina la mitishamba. Mimi nimeona pakiti kama hizo, hazina jina la kiwanda wala maelezo, na muuzaji anajigamba kwamba nyanya atasimama siku ya pili. Akisimama siku ya pili, hapo ndipo pa kuuliza kuna nini ndani. Sisemi tuache habasoda au kukanda kwa mafuta ya uto yaliyopashwa moto. Kukanda kunapumzisha kiungo na hakuna ubaya. Nasema juu ya kile kinachoingia tumboni.

Dawa iliyobadilisha maisha ya wagonjwa wa aina hii ni methotreksati, iliyoidhinishwa Marekani kwa kazi hiyo mwaka 1988. Ni rahisi kuliko sindano mpya za kisasa. Humezwa mara moja kwa WIKI. Narudia, kwa wiki, kwa sababu kuna waliokufa kwa kuimeza kila siku. Haifai kabisa kwa mja mzito. Na faida yake ni kubwa ikianzwa mapema, katika miezi ya mwanzo, kabla viungo havijaliwa. Kwa hiyo mkazo wa viungo asubuhi unaozidi nusu saa au saa nzima, na uvimbe wa vidole vya mikono yote miwili kwa wiki kadhaa, si wa kungoja. Familia nyingine humzungusha binti kwa waganga mwaka mzima wakitafuta jini. Mwaka mzima, vidole vinapinda.

Kwa mwezi huu, machache. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki na brufeni huchubua tumbo na kuumiza figo, hasa mwili ukipungukiwa na maji. Usivimeze kwenye tumbo tupu adhana inapolia; kula kwanza. Mwenye ugonjwa wa figo, presha au vidonda vya tumbo asivinunue kwa kemisti bila kuulizia. Mwenye jongo anywe maji ya kutosha kati ya futari na daku, apunguze maini, figo na mapande ya nyama, na vilevile soda na sharbati za sukari nyingi, kwani nazo hupandisha yuriki. Ratiba ya dawa ipangwe na daktari, na akisema huwezi kufunga, ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Qur'ani yenyewe, Suratul Baqara aya ya 185. Kiti cha msikitini nacho si aibu, asiyeweza kusimama huswali amekaa. Vijana wanaowacheka wazee safu ya nyuma wajue magoti hayana kiburi.

Nimebakisha moja, nalo ni letu sisi watu wa huku. Mwaka 1952 na 1953, katika uwanda wa Wamakonde kusini mwa Tanganyika, ulizuka ugonjwa wa homa na maumivu ya viungo makali mno. Wamakonde wakauita chikungunya, yaani kile kinachompinda mtu. Dunia nzima inatumia neno hilo.

Mwaka 2004 uliingia Lamu. Kulikuwa na ukame, watu wakihifadhi maji majumbani. Wataalamu walipopima damu baadaye walikadiria kwamba kama watu 13,500 waliambukizwa, robo tatu ya wakaazi. Ukafika Mombasa mwishoni mwa mwaka ule, 2005 ukavuka hadi Komoro, ukaenda Réunion ambako ulipata karibu theluthi ya watu, na 2006 India ikawa na wagonjwa zaidi ya milioni moja. Mombasa ulirudi tena mwishoni mwa 2017.

Homa yake hupoa ndani ya wiki, lakini wengine hubaki na maumivu ya vidole na vifundo kwa miezi, hata miaka, na ukiwatazama utadhani ni wale wa Landré-Beauvais. Kwa hiyo ukienda kwa daktari mwambie kama uliwahi kushikwa na homa kali kabla ya viungo kuanza. Mbu wake huuma mchana, wakati ambapo chandarua kimefungwa juu, na hutaga kwenye maji yaliyotuama karibu na watu: birika lisilofunikwa, mtungi, gurudumu kuukuu uani, na hata lile pipa la maji ya kutawadhia nje ya mlango.