Stering Hafi

Mbita, kaunti ya Homa Bay, ukitaka kujua kama kibanda cha video kitajaa, ulitazama mwezi. Omena huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, wavuvi wanabaki nchi kavu, na nchi kavu ina kiu na ina video. Kiingilio kilikuwa ashu. Mabati juu, benchi za mbao, jenereta ikinguruma nje hadi unakisia nusu ya maneno.

Kukisia huko ndiko kulikotulea. Mimi nilisoma Migori mjini, likizo nikaenda kwa mjomba Mbita, na kote kuwili sheria ilikuwa moja: kuna stering na kuna adui, na stering hafi. Kwenye kung fu hakuna shida, unamjua kwa ngumi. Shida ilianza zilipofika filamu za majambazi wacheshi, zile za Guy Ritchie: Lock, Stock and Two Smoking Barrels ya 1998, kisha Snatch ya 2000. Suti safi, mizaha, kila mtu mwizi. Sasa stering ni nani?

Tulikuwa na mfasiri, jamaa aliyesimama kando ya tivii akichanganya Kijaluo na Kiswahili. Ndani ya Snatch, Brad Pitt anaongea lafudhi ambayo hata majambazi wenzake hawaielewi. Utani wenyewe ni huo. Mfasiri wetu hakubabaika. Pitt anapodai gari la kuishi la mama yake, sisi tulisikia: "Mama anataka nyumba, na si ya nyasi!" Kibanda kizima kikapiga makofi. Jambazi akawa mtoto wa nyumbani, na kwa hivyo akawa stering.

Baadaye zikaja diski zenye sauti ya DJ Afro, na wafasiri wa papo kwa papo wakapungua. Kwangu ni hasara, ingawa DJ Afro mwenyewe ni moto.

Halafu 2012, Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya iliipeleka kuwania Oscar ya lugha za kigeni, na Joseph Wairimu, aliyecheza Mwas, alishinda tuzo ya mwigizaji bora Durban mwaka huo huo. Mwas ni nani? Muuza filamu wa kijijini anayeziigiza ili wateja wanunue. Yaani ni mfasiri wetu! Anakwenda Nairobi kutafuta uigizaji, anaporwa siku ya kwanza, anatupwa seli, anaoshwa choo ambacho sitakieleza hapa. Huko anakutana na Oti, kiongozi wa genge la kuiba vipuri vya magari.

Niliitazama Migori, mwezi mpevu au la sikumbuki. Hakuna aliyehitaji mfasiri, Sheng ilijieleza. Lakini kibanda hakikumchagua Mwas. Kilimchagua Oti, kwa sababu Oti ni Otieno, aliyezaliwa usiku, na kila benchi lilikuwa na Otieno wake. Alipoongea walicheka kabla hajamaliza. "Huyo ni wetu," mzee mmoja akasema, kana kwamba amemlipia nauli.

Ndipo wakaja polisi. Si wale wa Guy Ritchie wanaochelewa kila mara. Hawa wanawapeleka vijana mahali pasipo na watu, bila korti, bila OB, na kila mtu pale ndani alijua maana yake. Oti akafa.

Nilisubiri kelele za kawaida, "Ataamka huyo!" Hazikuja. Jamaa aliyekaa mbele yangu alikuwa na kakake mdogo Nairobi, Mathare. Alitoa simu, akatoka nje. Jenereta ilikuwa inanguruma, kwa hivyo alilazimika kupaza sauti, na sisi ndani tukamsikia akimuuliza amekula nini, na saa hizi yuko wapi, na kama mlango ameufunga.

Skrini ilikuwa inamwonyesha Mwas jukwaani. Hatukuwa tukimwangalia.