Matembezi ya Baiskeli na Milima ya Saint-Étienne

Kuendesha baiskeli kwa raha tu, bila mashindano wala haja ya kufika kazini, kulienea Ulaya katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Uingereza ilitangulia: Bicycle Touring Club iliundwa Harrogate mwaka 1878. Wakati huo baiskeli ilikuwa na gurudumu kubwa mno mbele, na aliyeanguka kutoka juu yake aliweza kuumia vibaya. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa Rover, baiskeli ya magurudumu yanayokaribia kulingana, yenye mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa Belfast, alipata hataza ya tairi la kujazwa upepo, na barabara za kokoto zikaanza kuvumilika.

Ilibaki milima, na hiyo ilipata dawa Ufaransa. Paul de Vivie, aliyezaliwa 1853, alikuwa mfanyabiashara wa hariri Saint-Étienne, mji wa makaa ya mawe na mafundi bunduki. Mwaka 1887 alifungua duka la baiskeli na kuanzisha gazeti, ambalo baadaye liliitwa Le Cycliste. Humo aliandika kwa jina la Vélocio.

Barabara itokayo mjini humo kuelekea kusini hupanda hadi kwenye kipito cha Grand Bois, mita 1,161 juu ya usawa wa bahari. Mwenye gia moja alibanwa pande zote: ikiwa nzito ilimshinda mlimani, ikiwa nyepesi ilimchosha tambarare, miguu ikizunguka mbio na baiskeli haiendi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1889, Vélocio akihema mlimani hapo, alipitwa na msomaji wake mmoja aliyekuwa akivuta kiko bila taabu, kwa kuwa gia yake ilikuwa nyepesi. Vélocio aliona hakuna sababu ya mtu kuchagua moja. Alifunga magurudumu mawili ya meno kwenye pedeli, kubwa na dogo. Mwendeshaji alipofika chini ya mlima alishuka, akauhamisha mnyororo kwa vidole kutoka kubwa kwenda dogo, akapanda tena. Mikono ilichafuka grisi, lakini mlima ulipandika. Baadaye karakana za Saint-Étienne zilitengeneza vifaa vya kuusukuma mnyororo kutoka meno haya kwenda yale huku miguu ikiendelea kukanyaga.

Vélocio alijali zaidi mwendeshaji kuliko chuma. Alikuwa akiondoka usiku kwenda Provence ili apambazukiwe njiani, na aliwashauri wasomaji wake wale kabla ya njaa, wanywe kabla ya kiu, vituo viwe vifupi, nyama, pombe na tumbaku viachwe safarini, na asiwepo wa kukanyaga pedeli kwa kujionyesha. Ni mashauri ya mtu aliyetaka safari ya leo isimharibie mtu hamu ya safari ya kesho, na waendeshaji wa masafa marefu wangali wanayafuata.

Wakuu wa mashindano hawakushawishika. Katika majaribio ya Touring Club de France milimani Pyrenees mwaka 1902, Marthe Hesse alimaliza mwendo wote akiwa na baiskeli ya Gauloise yenye gia za kubadilisha. Hata hivyo Henri Desgrange, mwanzilishi wa Tour de France ya 1903, alishikilia kwamba ushindi lazima utokane na misuli, na gia hizo zikazuiwa katika mashindano yake kwa miaka mingi. Katika jambo hili wapenda matembezi ndio walioona mbali.

Wafuasi wa Vélocio walianza mwaka 1922 kupanda pamoja kila mwaka hadi Grand Bois kwa heshima yake, naye akiwa hai. Alikufa 1930 baada ya kugongwa na tramu Saint-Étienne. Mwaka 1936 serikali ya Léon Blum iliwapa wafanyakazi wa Ufaransa likizo ya wiki mbili yenye malipo, na familia nyingi za viwandani zikatoka kwa baiskeli, wengine wawili wawili kwenye baiskeli moja, kwenda mashambani na baharini, wengi wao kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata Tour de France iliruhusu gia za kubadilisha, na Roger Lapébie akashinda akizitumia.