Antena ya Profesa Yagi na Taifa Lisilowasikia Wataalamu Wake

Mijadala yetu kuhusu minara ya kizazi cha tano, yaani 5G, hujikita katika bei ya vifurushi, kasi ya intaneti na kampuni iliyopewa zabuni. Ni nadra kuuliza maarifa yaliyomo ndani ya antena zile yalitoka wapi, na ni nani aliyeyaamini mwanzoni. Antena za minara hiyo zina uwezo wa kuelekeza mawimbi kwa mtumiaji mmoja, kisha kwa mwingine, pasipo mtu kupanda mnarani kuzigeuza. Naiona historia ya uwezo huo kuwa ni somo la utawala kama ilivyo somo la fizikia.

Antena ya kawaida hutawanya mawimbi pande nyingi, mfano wa kandili inayoangaza chumba kizima. Mwaka 1905, Mjerumani Ferdinand Braun alionyesha kuwa inawezekana kufanya vinginevyo. Alisimamisha antena tatu kwa umbo la pembetatu, akaichelewesha moja kidogo kuliko nyingine. Mawimbi hupanda na kushuka. Yakikutana yote yakiwa yamepanda, huongezeana nguvu. Yakikutana moja limepanda na jingine limeshuka, huuana. Kwa kubadilisha ucheleweshaji huo, Braun alibadilisha upande ambao mawimbi yalielekea. Antena zenyewe hazikusogea hata inchi moja.

Miongo miwili baadaye, katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tohoku mjini Sendai, Japani, Shintaro Uda na mkuu wake Hidetsugu Yagi walifika mbali kwa njia rahisi zaidi. Walipanga fito za chuma sambamba: moja ikapewa umeme, zilizobaki zikayasukuma mawimbi upande mmoja. Walichapisha matokeo mwaka 1926, na mwaka 1928 Yagi akayaeleza kwa Kiingereza katika jarida la wahandisi wa redio la Marekani. Antena za televisheni tulizozizoea juu ya mapaa ya nyumba zetu ni kizazi cha fito hizo.

Waingereza na Wamarekani walisoma wakaelewa. Jeshi la Japani halikuona umuhimu. Miongoni mwa makamanda wake walikuwepo walioamini kuwa kurusha mawimbi ni kujifichua kwa adui, na kwamba vita hushindwa kwa kushambulia. Isitoshe, jeshi la nchi kavu na la majini yalifichana siri, na wanasayansi wa vyuo wakawekwa kando ya yote mawili.

Februari 1942 Singapore ilianguka mikononi mwa Wajapani. Katika mitambo ya rada iliyoachwa na Waingereza walikuta daftari la fundi mmoja, na ndani yake neno lililojirudia ambalo hawakulielewa: “Yagi”. Mateka alipoulizwa maana yake, alishangaa kuwa waliomteka hawajui kwamba hilo ni jina la profesa wa kwao. Wahenga walisema nabii hakubaliki kwao; hapa kutokubalika huko kulilipwa kwa meli na roho za watu.

Kisa cha pili kiko karibu zaidi na simu zilizo mikononi mwetu. Arogyaswami Paulraj alikuwa afisa wa Jeshi la Majini la India, akaongoza utengenezaji wa sonari, chombo cha kusikiliza chini ya bahari kwa vipokezi vingi kwa pamoja. India ilimsikia katika hilo, na sonari hiyo ikawekwa melini. Lakini wazo lake la kutumia antena nyingi kutuma na nyingi kupokea, linaloitwa MIMO, liliombewa hataza Marekani mwaka 1992, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford pamoja na Thomas Kailath. Leo wazo hilo ni sehemu ya Wi-Fi, ya 4G na ya 5G. Mwaka 2010 Thomas Marzetta wa Bell Labs alilipanua hadi antena nyingi mno katika mnara mmoja, na ndipo mwale wa Braun ulipopata uwanja wake mkubwa.

Hoja ninayoisikia mara kwa mara katika semina ni kwamba sisi hatuna fedha za utafiti. Ni kweli kwa sehemu. Hata hivyo, fito za Sendai hazikuwa ghali. Kilichokosekana Japani ni mtu mwenye mamlaka aliyewajibika kuuliza: nani kati ya watu wetu anajua jambo hili? Tanzania ina Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na ina vyuo vinavyofundisha uhandisi wa mawasiliano. Tasnifu ninazozisoma kila mwaka zina majibu ya maswali ambayo ofisi za umma huwalipa washauri kutoka nje wayajibu.

Kwa mtumishi wa umma, basi, pendekezo langu ni dogo. Kabla zabuni ya mitambo haijatangazwa, wizara iviandikie vyuo kuuliza ni utafiti gani uliopo. Mkataba nao utamke kuwa wahandisi wetu watafundishwa kuipanga na kuibadilisha mielekeo ya antena hizo, kwa kuwa kazi hiyo sasa hufanywa na programu, na mwenye kuimiliki programu ndiye anayejua namna ya kuamua kijiji gani kipate mawimbi imara. Kwa mwanafunzi: chapisha, tena chapisha na kwa Kiswahili, ili anayepaswa kukusikia asije akajifunza jina lako kutoka katika daftari la mgeni.