Jeni muhimu au jeni za lazima?

Wafugaji wa Garissa wakisema sambab, neno la Kisomali la mapafu, wanataja pia ugonjwa unaomfanya mbuzi akohoe, aheme kwa tabu, kisha afe. Bakteria wa homa hiyo ya mapafu ya mbuzi alitambuliwa mara ya kwanza hapahapa Kenya mwaka 1976. Ndugu yake wa karibu, Mycoplasma mycoides, ndiye aliyetumiwa na Taasisi ya J. Craig Venter ya Marekani mwaka 2016 kuunda seli yenye jeni 473 tu.

Jeni ambazo seli haiwezi kuishi bila hizo, kuziita "jeni muhimu" ni rahisi, lakini si sahihi. Umuhimu una viwango: hiki muhimu, kile muhimu zaidi. Swali la maabara ni kali kuliko hilo. Jeni ikiharibiwa, bakteria anaishi? Akifa, hiyo ni jeni ya lazima, na inaweza kuwa shabaha ya dawa. Akiishi ila akakua kwa kusuasua, hiyo ndiyo muhimu. Aliyesoma duksi, yaani chuo cha Kurani, anaijua tofauti hii: faradhi na sunna iliyokokotezwa.

Hata lazima ina mahali pake. Jeni isiyohitajika kwenye mchuzi wa maabara wenye kila lishe huenda ikahitajika ndani ya pafu la mbuzi. Wahariri, tuandike "jeni za lazima", kisha tumwambie msomaji: lazima wapi.