Picha za Kusukwa na Sura za Watu wa Bondeni mwa Rondo

Mwaka 1906, majeraha ya Vita vya Maji Maji yangali mabichi, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita bonde la Lukuledi, chini ya nyanda za juu za Rondo, akiwa na kamera. Katika kitabu alichochapisha mwaka 1908, wengi waliopigwa picha wametajwa kwa kabila, si kwa majina. Hata hivyo, kitabu hichohicho kina michoro iliyochorwa na Waafrika wenyewe. Waliotazamwa nao walikuwa watazamaji.

Mwanahistoria azisomeje picha hizo? Sanaa inatoa jibu moja. Dinh Q. Lê, msanii mzaliwa wa Vietnam aliyefariki mwaka 2024, alijifunza kusuka mikeka katika familia yake. Baadaye alikata picha mbili kuwa vipande vyembamba, akavipitanisha juu na chini, kama ukindu unavyosukwa kuwa ukili katika pwani ya Lindi. Mwaka 1998 alisuka sura za wafungwa wa Khmer Rouge pamoja na michongo ya Angkor. Hakuna picha iliyoifuta nyingine.

Makala hii inashikilia kwamba picha za mwaka 1906 zisomwe vivyo hivyo: picha ya mgeni ipitane na mchoro wa mwenyeji na masimulizi ya ukoo. Kuitupa picha ni kuipoteza sura ya babu. Kuiamini peke yake ni kumnyima jina mara ya pili.