Cesar Millan na ugomvi wa miaka ishirini juu ya kumfunza mbwa

Mwaka 2012, watazamaji wa televisheni walimwona mkufunzi wa mbwa Cesar Millan amechuchumaa mbele ya Holly, mbwa jike wa aina ya Labrador aliyekuwa mkali kila alipowekewa chakula. Millan alisogea. Holly akakenua meno. Millan hakurudi nyuma, na kitambo kidogo baadaye mbwa akamng'ata mkono.

Picha hizo zilichochea upya ugomvi uliokuwapo tangu kipindi chake, Dog Whisperer, kilipoanza mwaka 2004 kwenye kituo cha National Geographic. Kwanza wapinzani na wafuasi wa Millan walibishania asili yake. Millan alizaliwa mwaka 1969 Culiacán, Mexico, na sehemu ya utoto wake aliishi shambani kwa babu yake, katikati ya mbwa. Mwaka 1990 alivuka mpaka kuingia Marekani bila kibali, akajipatia riziki kwa kuosha na kutembeza mbwa wa watu. Wapinzani walisema hana elimu rasmi ya tabia za wanyama. Wafuasi wakajibu kwamba shamba la babu ndilo lililokuwa chuo chake.

Msomaji wa Kendu Bay, nchini Kenya, ana sababu ya kuwasikiliza wafuasi hao. Katika maboma ya eneo hilo la Karachuonyo mbwa hujua mwenyeji na mgeni bila mkufunzi mwenye cheti. Kukulia shambani si kosa, na aliyemkataa Millan kwa sababu hiyo tu hakumtendea haki. La kuuliza ni mbwa anafanyiwa nini.

Swali hilo ni la kale. Waislamu wa Kendu Bay wamekuwapo mjini kwa vizazi, na katika madhehebu ya Shafi chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Hata hivyo sura ya Al-Maida imehalalisha windo lililokamatwa na mbwa aliyefunzwa. Wanazuoni wa Shafi wakaweka masharti: akitumwa aende, akizuiwa asimame, akikamata asile, na hayo ayarudie mpaka ijulikane kuwa amefunzika. Wanaangalia kazi ya mbwa. Umaarufu wa mwalimu hauhesabiwi.

Millan alifundisha kwamba binadamu lazima awe kiongozi wa kundi: atangulie njiani, mbwa afuate. Aliyekaidi aliweza kuvutwa kwa kola ya kukaba au kulazwa ubavu mpaka anyamaze. Nadharia ya namna hiyo ilipata nguvu mwaka 1947, Rudolph Schenkel alipochapisha utafiti wake juu ya mbwa mwitu wa nchi za baridi waliofungiwa katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Kitabu cha L. David Mech cha mwaka 1970 kikaieneza. Lakini Mech aliwafuatilia mbwa mwitu walio huru kwenye kisiwa cha Ellesmere, Kanada, na mwaka 1999 akaandika kwamba kwa kawaida kundi ni baba, mama na watoto wao. Mtafiti aliyeisambaza nadharia alijitokeza mwenyewe kuirekebisha.

Taasisi nazo zikapinga mbinu hizo. Mwaka 2006 shirika la American Humane lilikitaka kituo cha National Geographic kisitishe kipindi cha Millan, na mwaka 2008 chama cha madaktari wa tabia za wanyama cha Marekani kikaonya dhidi ya kutumia ubabe kurekebisha mbwa. Mwaka 2016 mbwa aitwaye Simon alimng'ata nguruwe sikio mbele ya kamera za Millan. Mamlaka za Los Angeles zilichunguza na hazikumfungulia Millan mashtaka.

Afrika Mashariki na Kati ina mfano wa kuutia mjadala huu kwenye mizani. Katika hifadhi ya Virunga, mashariki mwa Kongo, daktari wa mifugo kutoka Uswisi, Marlene Zähner, alisaidia kuanzisha mwaka 2011 kikosi cha mbwa wa kunusa kilichowekwa Rumangabo. Mbwa wa aina hiyo wamefanya kazi pia Mara Triangle, nchini Kenya, wakiwasaka majangili. Hapo mbwa ndiye anayetangulia, pua chini, na askari anamfuata akiwa ameshika kamba ndefu. Askari hana pua ya kumsahihisha. Akimtisha mbwa mpaka aanze kumtazama bwana wake badala ya kunusa, nyayo zimepotea.

Kwa hiyo mwenye boma anayetafuta mkufunzi asiishie kuuliza alikosoma. Aombe kumwona akifanya kazi, amtazame mbwa: akiitwa anakuja mbio, au anakuja amelaza masikio na kufyata mkia?