Ghala za China na Maneno ya Maliwali

Kila mkulima aijua taabu hii. Wakati wa mavuno nafaka huwa tele, na bei yake huanguka hata haitoshi kulipa jasho lake. Miezi michache ikipita, yeye yule aliyeuza kwa senti chache hurudi kununua kwa bei kubwa, ili watoto wake wale. Afaidiye ni mwenye ghala. Taabu hii si ya leo, wala si ya nchi moja. Twapenda kueleza jinsi watu wa China walivyojaribu kuiondoa kwa sheria, na jinsi sheria hiyo ilivyoharibika kwa sababu wakubwa wa mji mkuu hawakuwasikiliza walioiona ikitendeka vijijini.

Zamani za Kaisari Xuan, wa ukoo wa Han, mavuno yalikuwa mema mwaka baada ya mwaka, hata kipimo cha nafaka kikauzwa kwa sarafu tano tu, na wakulima hawakupata faida. Basi katika mwaka 54 K.K. ofisa mmoja wa hazina, jina lake Geng Shouchang, hodari wa hesabu, alishauri kwamba zijengwe ghala katika majimbo ya mpakani. Nafaka ikiwa rahisi, serikali inunue kwa bei ipitayo ile ya soko, mkulima asiumie. Ikiwa ghali, iuze kwa bei iliyo chini ya ile ya soko, mnunuzi asione njaa. Ghala hizo ziliitwa ghala za usawa wa daima. Katika mwaka 44 K.K. ziliondolewa, kwa kuwa wataalamu walisema haifai serikali kushindana na raia katika faida; lakini wafalme wa baadaye walizirudisha.

Zaidi ya miaka elfu ikapita. Katika mwaka 1047 Wang Anshi aliwekwa kuwa mkuu wa wilaya ya Yin, karibu na pwani. Huko aliwakopesha watu nafaka ya ghala wakati wa njaa ya masika, nao wakairudisha baada ya mavuno pamoja na nyongeza. Watu walipona, na ghala ikapata nafaka mpya badala ya kuukuu. Hata mwaka 1069, alipokuwa mshauri mkubwa wa Kaisari Shenzong, aliifanya desturi ile kuwa sheria ya nchi. Mali ya ghala za usawa itolewe kwa mkopo mimea ingali mibichi, na kila mia irudi na ishirini juu yake. Nia yake ilikuwa kuwaokoa wakulima katika mikono ya matajiri wakopeshao kwa riba kali.

Mwaka uliofuata Han Qi, mzee aliyekuwa waziri mkuu zamani, naye sasa ni liwali katika Hebei, alimwandikia Kaisari. Alisema kwamba sheria yakataza kumlazimisha mtu, lakini maofisa walazimisha. Tajiri asiyehitaji mkopo hupewa, kwa sababu aweza kulipa. Maskini hufungwa pamoja na jirani zake, mmoja akishindwa wengine walipe. Hata watu wa mjini wasio na shamba wametwishwa. Tena mkopo ukitolewa mara mbili kwa mwaka, nyongeza hulipwa mara mbili. Sima Guang naye aliuliza: mali ya ghala ikiisha kutawanywa, mwaka wa ukame utakapokuja, watu watalishwa kwa nini?

Kaisari alishtuka, akasema, watu wa mjini wana mimea gani? Wang Anshi akakaa nyumbani, akisema ni mgonjwa, hata Kaisari akambembeleza arudi. Ndipo maneno ya Han Qi yakajibiwa moja moja, na majibu yakatangazwa nchini. Katika mwaka 1071 Fu Bi, liwali wa Bozhou, aliyezuia mikopo hiyo katika jimbo lake, alishushwa cheo. Sheria ilidumu hata mwaka 1086, ilipofutwa baada ya Kaisari kufa.

Kwa nini jambo lililofaulu katika Yin liliwaumiza watu wa Hebei? Katika Yin mkuu aliwajua watu wake na njaa yao. Lakini sheria ilipoenea nchi nzima, maofisa walisifiwa kwa wingi wa mikopo waliyotoa, basi wakatafuta wa kuwakopesha, si wenye haja. Nia ya Wang Anshi haikuwa mbaya. Alikosa kuwapokea maliwali kama mashahidi, akawaona kuwa wapinzani tu.

Katika mwaka 1938 Marekani ilitunga sheria ya kuweka akiba ya nafaka na kutegemeza bei, na Henry Wallace, waziri wa kilimo, alitumia jina lile lile la ghala za usawa. Sheria hiyo iliweza kumwekea mkulima mpaka wa kuuza. Lakini wakulima walipigiwa kura kwanza, na zaidi ya theluthi moja wakikataa, mpaka ule haukuwekwa.

Wazee wetu walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ghala ya nchi ni kitu chema, na bei ya haki ni haki ya mkulima. Lakini atungaye sheria hizo na amwulize kwanza yule akaaye karibu na mlango wa ghala, tena ampe nafasi ya kujibu bila hofu.